Kuifungua Kompyuta ya Marereni

Nilikuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mtu wa kompyuta, na kazi zote mbili nilizifanya katika chumba kimoja, kwenye afisi ya kiwanda cha chumvi kule Marereni. Ilikuwa miaka ya themanini, kuelekea mwisho wake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na kwetu ni Barani, Malindi. Kila Jumatatu asubuhi lori la kampuni lilinichukua pamoja na wafanyakazi wengine, na Ijumaa alasiri likanirudisha. Siku za katikati nililala Marereni, katika chumba nilichopanga kwa mama mmoja mjane, Mgiriama, ambaye alinizoea hata akawa ananiwekea uji bila ya kumwomba.

Kazi yangu ilikuwa kuandika habari za mabwawa. Maji ya bahari yalivutwa kwa pampu yakatiwa katika bwawa la kwanza, jua likayapunguza, yakahamishiwa la pili, la tatu, mpaka yakawa mazito na chumvi ikaanza kukaa chini. Kila siku mpimaji alizunguka na kipimo cha kioo kinachoelea, akaandika uzito wa maji ya kila bwawa, na mvua ikinyesha akaandika na kiasi chake. Makaratasi hayo yaliletwa kwangu yakiwa yameloa, wino umetawanyika. Hapo awali niliyanakili katika buku kubwa. Meneja akitaka kujua bwawa la saba lilichukua muda gani kukomaa baada ya mvua za mwaka juzi, nilifunua kurasa hadi adhuhuri, na huenda jibu nililompa halikuwa sahihi.

Kisha ikaja kompyuta. Ililetwa katika masanduku mawili, na mtu aliyeileta alikaa siku moja tu. Alinionyesha kuiwasha na kuizima, akanionyesha namna ya kuipa faili jina, akashika njia yake. Yaliyobaki nilijifunza katika kitabu cha Kiingereza kilichokuja nayo, huku kamusi yangu ya shule iko pembeni. Miezi mitatu nilikuwa nikikosea na kurudia. Baadaye ikanikubali. Nilianza kuingiza habari za mabwawa, za mwaka ule na za miaka ya nyuma, nikafika mahali meneja akiuliza jambo, jibu anapewa kabla hajavuta kiti. Sikuwahi kuwa na kitu katika maisha yangu ambacho nilikijua kuliko watu wote walionizunguka. Kile nilikijua. Na nisifiche, nilijiona.

Anayeijua Marereni hahitaji kuambiwa chumvi inafanya nini kwa chuma. Kufuli mpya ilipata kutu kabla ya mwezi kuandama mara ya pili. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa na mlinzi wake, naye alikuwa fundi wa umeme wa kiwanda, mzee wa Kigiriama aliyekaribia kustaafu, mwenye kuangalia jenereta na pampu. Huyu ndiye aliyeziba nafasi za dirisha kwa utepe. Alinitengenezea na kabati la mbao lenye balbu ndogo inayowaka ndani mchana kutwa, ili disketi zangu zikae kwenye joto kavu. Nilimwita baba, naye akiniita mwanangu. Kiingereza hakukijua, lakini mchoro wa nyaya aliusoma kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

Siku moja ya Jumanne gari la makao makuu lilifika kutoka Mombasa likiwa na bahasha kubwa na paketi ya disketi. Meneja aliniita. Alikuwa mtu wa Mombasa, makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta meza yake kwa leso kila anapotaka kuzungumza jambo. Akanisomea barua. Makao makuu walikuwa wameamua kwamba kompyuta zote za kampuni zihamie kwenye mfumo mpya. Siku hizi watu husema mfumo endeshi. Wakati ule sisi tulisema mfumo tu, nao ni ile programu ya kwanza inayoamka mashine inapowashwa, ambayo programu nyingine zote husimama juu yake. Disketi za mfumo huo ndizo zilizokuwa katika paketi. Tulipewa majuma manne. Na mwisho wa barua palikuwa na sentensi moja: mashine isiyoweza kuuchukua mfumo mpya irudishwe Mombasa.

Meneja akanikabidhi paketi, akaniambia nianze nikiwa na nafasi.

Nilichukua kijitabu kilichofungwa na disketi zile, nikakisoma neno kwa neno, kwa sababu nilishajifunza kwamba kompyuta haimhurumii mtu aliyeruka ukurasa. Siku ya pili nikafika ukurasa uliosema mfumo huu unataka prosesa ya namna gani. Prosesa ndiyo kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, akili ya mashine ukipenda. Kijitabu kilitaja namba mbili. Prosesa yenye namba 80286 inafaa. Yenye namba 8088, ambayo ni ya kizazi cha nyuma yake, haifai, na hakuna la kufanya likaifaa.

Nikafungua kitabu changu cha zamani kutazama yetu ni ipi. Kitabu kile kilikuwa cha mashine mbili kwa pamoja, moja yenye prosesa ya zamani na nyingine yenye mpya, na kwa nje zinafanana sura. Bamba la nyuma, ambako jina kamili la mashine lilikuwa limeandikwa, lilikuwa limeliwa na chumvi likabaki na herufi mbili.

Nikaenda kwa meneja nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa leso, akafuta meza.

"Dada," akasema, "mimi nimeshawajibu. Nimewaambia Marereni tuko tayari."

Nilimwuliza alijuaje. Akasema hakujua, ila mashine haina hata miaka minne, na kitu cha miaka minne hakiwezi kuwa kikuukuu. Hata mimi nilifikiri hivyo. Redio ya nyumbani kwetu ilikuwa kubwa kunishinda kwa umri, na bado tulisikia taarifa.

Tukakubaliana kumpigia aliyetuuzia. Simu ya Mombasa iliombwa kwa opereta, tukangoja asubuhi nzima, na ilipounganishwa ilikuwa na mvumo kama wa pampu. Muuzaji hakukataa wala hakukubali. Alisema walileta mashine za namna zote mbili mwaka ule, makaratasi hayapo tena, lakini anavyoona yeye itafanya kazi, tujaribu tu. Nilimwuliza kama kuna njia ya kujua kwa hakika. Akasema ndiyo, ifunguliwe, namba imeandikwa juu ya prosesa yenyewe. Kisha akatuonya kwamba kuna karatasi nyekundu ya muhuri kwenye kiungo cha bati la nje, na ikichanika yeye hatakuwa na jukumu tena.

Meneja aliufikiria muhuri ule kwa muda. Alhamisi alikuwa na safari ya Mombasa ya mkutano, arudi Jumatatu. Akiwa anapanda gari, alinigeukia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tuifungue, na kwamba akiulizwa atasema ni yeye aliyeagiza.

Nikaenda kumtafuta fundi kwenye jenereta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akifuta mikono kwa tambara la mafuta, na nilipomweleza shida yangu hakuuliza mengi. Alirudi nyumbani kwake kwanza, akaoga, akaja na kanzu safi, maana alisema hawezi kukipekua kitu kile akiwa na mafuta mwilini. Alikuja na bisibisi tatu, sinia la chai la mkewe, chupa ndogo ya spiriti na lenzi ya kuvaa jichoni aliyoiazima kwa fundi saa wa Gongoni.

Tulifunga mlango. Tukazima feni ili vumbi lisirushwe, na joto likatushukia mara moja. Alichana muhuri kwa ukucha, taratibu, kama anayefungua bahasha ambayo anataka kuitumia tena. Skrubu zilikuwa sita. Nne zilitoka. Mbili zilishikwa na kutu, akazidondoshea mafuta ya taa tone kwa tone, tukangoja, tukanywa chai nje, tukarudi, zikatoka. Kila aliyoitoa aliilaza ndani ya sinia mahali pake, kwa mpangilio ule ule zilizokuwa nao kwenye bati, na akanikataza nisilisogeze sinia.

Bati lilipoinuka nilishangaa. Mashine niliyoishi nayo muda wote ule, sikuwa nimewahi kuuona moyo wake. Ndani mlikuwa na ubao wa kijani, wenye vijumba vyeusi vilivyopangwa kwa safu, na juu ya vyote palikuwa na utando mwembamba wa kijivu, kama ule unaobaki katika sufuria ya maji ya chumvi. Nilimsikia fundi akivuta pumzi. Alisema tungechelewa mwaka mwingine, pasingekuwa na kitu cha kufungua.

Kitabu kilinionyesha mahali pa kuangalia. Prosesa ilikuwa kipande kirefu cheusi chenye miguu mingi huku na huku, mfano wa tandu aliyelala. Namba haikuonekana. Fundi alizungusha pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye spiriti, akapangusa mgongo wa tandu yule mara tatu au nne, akitupa pamba na kuchukua nyingine. Akavaa lenzi. Mimi nilikuwa na kalamu na karatasi.

"Nane," akasema. "Sufuri. Nane. Nane."

Nilimwomba arudie. Akarudia, vile vile. Nikamwomba lenzi nikaangalia mwenyewe. Mbele ya namba na nyuma yake palikuwa na herufi nyingine, lakini zile nne za katikati zilisimama wazi kabisa: 8088.

Nilikaa kwenye kiti. Fundi akaendelea kuutazama ubao. Halafu akanigusa bega, akanionyesha kidole. Kando ya prosesa palikuwa na kitako kitupu, chenye vitundu vya miguu kama vya ile ile, na ndani yake hamna kitu.

"Hapa pana nafasi, mwanangu. Hiyo mpya si waitie hapa?"

Sitasahau jinsi moyo ulivyonipanda. Nilipekua kitabu, nikakuta ule mchoro wa ubao, nikakuta na kitako kile. Kilikuwa ni cha kipande cha kusaidia hesabu kubwa, kwa anayetaka kuongeza. Hakiwezi kubeba prosesa. Nikamweleza, naye akaitikia kwa kichwa. "Vidzo," akasema, yaani sawa, kwa lugha yake, na akaanza kupangusa ubao wote kwa spiriti, kipande kimoja baada ya kingine. Aliutumia mchana mzima kwa kazi hiyo. Mashine ilikuwa imeshahukumiwa kurudi Mombasa, lakini yeye aliisafisha kama vile ndiyo kwanza inaletwa.

Ijumaa nilirudi Barani na namba ile kichwani. Tulioijua tulikuwa wawili tu. Mpaka leo naona haya kusema nilichokiwaza njiani. Niliwaza kwamba ningeweza kumwambia meneja namba haikusomeka. Au ningesema inafaa, halafu mfumo ukikataa kuingia, lawama ziende kwa disketi, wazitafute nyingine, na hivyo miezi ingepita, nami ningekuwa na mashine yangu. Sentensi ile ya mwisho ya barua ilinifuata: irudishwe Mombasa. Nami ningerudi kwenye buku.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nikimsaidia mama kukuna nazi uani. Aliona sisemi. Aliuliza kama nina homa, nikasema sina. Mwishowe nikamweleza, si kwa marefu, kwamba kuna mashine inayotakiwa iwe ya namna fulani, nami nimeichungulia ndani nikaona siyo, na wakubwa wameshaambiwa kwamba ndiyo. Mama hakupata kuiona kompyuta. Alidhani ni namna ya cherehani yenye televisheni, na sikupata kumsahihisha. Aliendelea kukamua tui kwenye kifumbu.

"Umeiona kwa macho yako?" akauliza.

"Nimeiona."

"Basi waambie ulivyoiona. Waliosema bila ya kuona ndio watakaotafuta maneno."

Hakurudi tena kwenye habari ile. Alinituma limau.

Jumatatu nilimweleza meneja kabla hajakaa. Nilimwekea mezani karatasi yenye namba, na kijitabu nimekikunja kwenye ukurasa wake. Alisoma, akatazama namba, akasoma tena. Kisha akasema tujaribu. Nilimwambia kitabu kimesema haifai. Akasema ameelewa, lakini hawezi kuwarudishia watu neno lake kwa kitabu peke yake, anataka aone.

Nikamwomba siku moja. Nilinakili habari zote za mabwawa kwenye disketi, mara mbili mbili, nikazifungia katika kabati la balbu. Jumanne, mbele ya meneja na fundi, niliingiza disketi ya kwanza ya mfumo mpya nikaiwasha mashine. Taa ndogo ikawaka, disketi ikazunguka na kukoroma, skrini ikatoa mstari mmoja wa maneno. Yalisema prosesa hii si ya namna inayotakiwa. Baada ya hapo ikatulia. Nilibonyeza hiki na kile, haikujibu. Nikaizima, nikatoa disketi, nikaiwasha kwa mfumo wetu wa zamani, ikaamka kama kawaida na kunionyesha bwawa la kwanza.

Meneja alitoa leso, akaishika tu. Ndipo alipotueleza kwamba ile kompyuta aliipigania miaka miwili. Makao makuu walimwambia Marereni ni kwa majembe na karai, hapana haja ya kompyuta, naye akaapa kwamba itatumika. Barua ya mfumo mpya ilipofika, aliona akisema hapana atakuwa amewapa haki ya kumwambia, "Si tulisema?" Kwa hiyo akasema ndiyo upesi, kabla ya kujiuliza.

Hakutulaumu. Alinitaka niandike barua ya Kiingereza, naye ataitia sahihi. Niliandika kwamba mashine imefunguliwa kwa amri ya meneja, kwamba namba ya prosesa ni hiyo, kwamba jaribio limefanywa na matokeo yake ni hayo, na kwamba habari za mabwawa za miaka yote ziko salama na mashine inafanya kazi yake ya sasa bila ya hitilafu. Niliandika kwamba uchunguzi ulifanywa nami. Nilipompelekea, nilimwambia nataka jina la fundi litangulie langu. Alinitazama, akachukua kalamu, akaliandika kwa mkono wake mwenyewe. Akaongeza na mstari mmoja wa kwake, kwamba jibu lake la awali lilikuwa la haraka na analifuta.

Tulingoja majuma matatu. Kazi ziliendelea. Niliingiza vipimo kila siku, na kila siku nilihisi huenda ni vya mwisho. Gari lilipokuja lilikuwa na mtaalamu wa kompyuta wa makao makuu, mwanamume mrefu mwenye miwani, aliyesema amecheleweshwa na feri ya Kilifi tangu alfajiri. Hakuketi. Alitaka aifungue mwenyewe. Fundi aliitwa, akazitoa skrubu sita, safari hii zikatoka zote bila ya kulazimishwa kwa vile alizipaka grisi. Mtaalamu aliinama, akasoma namba bila ya lenzi, maana utando haukuwepo tena. Akainuka. Akauliza ni nani aliyesafisha ubao ule, na alipoonyeshwa, akampa fundi mkono.

Halafu akakaa, akakubali chai, na akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia. Vituo vyote vya kampuni vilijibu kwamba mashine zao zinafaa. Hakuna hata kimoja kilichofungua. Kituo kimoja kilichojaribu kuingiza mfumo mpya kilianza kwa kuifuta diski nzima ya ndani, penye mfumo na habari zote, kama mtu anayevunja nyumba kabla ya kupata kiwanja, na ulipokataa, kikabaki bila ya la zamani wala jipya, na habari za mwaka mzima zikapotea. Barua yetu ndiyo iliyowafanya wasimamishe. Aliniuliza niliwaza nini hata nikazinakili kabla ya kujaribu. Nilimjibu kweli, kwamba nilikuwa naogopa.

Kilichoamuliwa ni kwamba ile amri ya kurudisha mashine iwekwe kando, na kwamba kila kituo kikaguliwe kwanza. Mtaalamu alikuwa peke yake, na vituo ni vingi. Akamwomba meneja amwazime fundi na mimi, tukague vya kaskazini ya Mombasa, yeye aende vya kusini. Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mimi mpiga chapa wa Barani, nimekaa mbele ya gari la kampuni pamoja na mzee wa Kigiriama na sinia la mkewe, tukienda kufungua kompyuta za watu.

Ngomeni tulimaliza kwa saa moja. Ilikuwa 8088, ndugu wa yetu, na chumvi ilikuwa imeishika vibaya zaidi. Karani wa pale, mtu mzima aliyekuwa akiitumia kuandikia barua tu, alifurahi kusikia haitabadilishwa.

Ghala la Kilifi tulifika siku ya pili. Karani alikuwa mwanamke, mdogo wangu kwa mwaka au miwili, mwenye mtandio wa kijani. Kompyuta yake ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Alikitoa chombo, akakunja kitambaa mara nne, akasimama karibu na mlango. Fundi alipoanza kutoa skrubu alinivuta kando.

"Dada, ikiwa si ile wanayoitaka, watanitoa kazini?"

Nilimwambia hapana, yetu si hiyo wanayoitaka na bado niko. Hakuamini mpaka nilipomweleza yote, pamoja na yale niliyoyawaza njiani nikirudi Barani, ambayo sikuwa nimemweleza mtu mwingine. Alicheka kidogo, akasogea karibu na meza.

Bati lilipoinuka sikuhitaji lenzi. Pale ambapo nilizoea kuona tandu, palikuwa na kipande cha mraba. Fundi alikipangusa akasoma: nane, sufuri, mbili, nane, sita. Prosesa mpya, katika mashine ambayo kwa mwaka mzima haikuwashwa hata mara kumi, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mwenyewe namna ya kuitumia.

Nitasema ukweli: nilishikwa na wivu. Nilitazama maua yale ya plastiki, nikaiwazia meza yangu Marereni. Fundi alikuwa ameshaanza kurudisha skrubu. Yule dada aliniuliza kama hiyo namba ni nzuri au mbaya. Nikamwambia ni nzuri, nzuri sana, na nikavuta kiti cha pili.

Tulikaa Kilifi siku tatu. Mfumo mpya uliingia bila ya kugoma. Nilimfundisha kuiwasha na kuizima, kisha yale ambayo mimi sikufundishwa na mtu: kunakili kabla ya kugusa, kuandika tarehe juu ya kila disketi, kutoruka ukurasa. Alikuwa mwepesi kunishinda. Siku ya tatu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu, tukalitafuta pamoja kitabuni, na yeye ndiye aliyeliona jibu.

Yetu ya Marereni ilifanya kazi na mfumo wake wa zamani kwa muda mrefu baada ya hapo. Fundi alistaafu, akaenda kulima mihogo na mikorosho bara ya Malindi, na kila mara gari lilipokwenda upande huo alileta ujumbe wa kuuliza kama nimeifungua na kuipangusa. Mimi baadaye nilihamishiwa Kilifi. Nilipoingia afisini siku ya kwanza, yule dada alikuwa ameshanitayarishia meza, karibu na dirisha, na alikuwa na orodha ya mambo matano ambayo alitaka tuyaangalie kabla ya chakula cha mchana.